Ukuta Uliobeba Paa

Mwanangu Onesmo,

Miaka yote ya kazi yangu niliwafundisha watoto wa watu kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Umelala chumba cha pili, begi limefungwa, na kesho alfajiri utapanda gari la Kibondo kwenda kuanza kazi yako ya ugani. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na namna ya kuishi na mwenye nyumba, shangazi yako amekwisha kukueleza wakati wa chakula, tena kwa kirefu, nami sina la kuongeza.

Ninaandika kwa sababu ya maneno uliyoyasema ukiwa unanawa mikono. Shangazi alisikitika kwamba Kibondo hatuna ndugu, akauliza utamzoea nani huko. Ukamjibu, "Kibondo ni ndogo, Shangazi. Yupo mtu nitamkuta tu." Yeye alicheka akidhani ni msichana, akakutania kwamba vijana wa mpakani watamwoa kabla hujafika. Mimi nilikuwa naitazama mikono yako ndani ya beseni. Vidole vilikuwa vimejikunja.

Mtu huyo ni Melkiori, fundi aliyejenga jiko letu la uani. Ukuta wa jiko hilo ulimwua mama yako. Katika siku za matanga wewe ulimvunja Melkiori mkono kwa mpini wa jembe, naye akahamia Kibondo na familia yake yote. Sasa serikali inakupeleka mahali alipokimbilia.

Nimejaribu kukueleza jambo hili kwa mdomo zaidi ya mara moja, na kila mara uliondoka kabla sijamaliza. Unaamini kwamba msiba uliniharibu akili, na kwamba mzee anayejisingizia kifo cha mkewe ahurumiwe, asisikilizwe. Kwa hiyo nitaandika kwa utaratibu, kama mtu anayekumbuka kila fundo, kisha uamue mwenyewe kama haya ni maneno ya aliyechanganyikiwa. Nikisema kwamba Melkiori hakumwua mama yako, siongei kwa huruma. Ninaongea kwa sababu namjua aliyemwua.

Nianze mbali kidogo. Nilipokuwa kijana kule Muyama, mgonjwa hakuwa na gari. Alilazwa kwenye machela, yaani mkeka wa kamba uliofungwa ncha zake mbili kwenye mti mmoja mrefu. Wanaume walitangulia mbele, wengine nyuma, mti ukiwa begani, na kundi jingine lilifuata tayari kuwapokea. Kila kaya ilitoa mtu. Aliyekwepa kubeba, siku yake akiugua yeye, alingoja sana. Mimi nimebeba wagonjwa kwenye vilima vile mpaka bega la kulia likaota sugu, nawe ulipokuwa mdogo ulipenda kuigusa na kuniuliza kama kuna jiwe ndani.

Siku moja tulikuwa tumembeba mwanamke mzee, jirani yetu. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kuteremkia mtoni ilikuwa telezi kama mlenda. Mimi nilikuwa mbele, nikivuta mwendo, kwa kuwa nilitaka tufike kabla ya wenzetu kutupokea ili nisifiwe kwa nguvu. Kijana aliyekuwa nyuma alishindwa kwenda na hatua zangu, akateleza. Mti ulimtoka begani, mgonjwa akaviringika hadi majini. Unadhani tulimkimbilia mgonjwa? Wanawe walimrukia yule kijana, nasi tukawafuata. Tulimpiga ngumi na mateke. Nilimkanyaga kisogo mpaka uso wake ukazama kwenye matope, na nilipokuwa namkanyaga nilijua kabisa kwamba mwendo wangu ndio uliomwangusha. Kadiri nilivyojua, ndivyo nilivyozidi kukanyaga. Tulipochoka tuligeuka. Mgonjwa alikuwa palepale tulipomwacha, shavu juu ya jiwe, maji yakimpita mdomoni.

Sijawahi kukusimulia habari hii. Uliponiona nikichapa watoto shuleni kwa mkono usiotetemeka, ulidhani huo ndio ukali wa walimu wa zamani.

Sasa nije uani kwetu. Mama yako alirudi kutoka zahanati kila jioni akiwa ameshika kiuno. Miaka ya kuinua wagonjwa ilikuwa imemla mgongo. Yule mama wa Kizungu aliyefanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi na kupanga nyumba ya jirani, siku ya kuhama alimwachia kitanda chake cha wavu, kile cha kufungwa huku na huku na mtu akalala katikati. Mama yako alikitandaza mezani kama kitenge kipya. Akaniambia, "Mwalimu, nifungie. Na mimi nilale kama mke wa waziri."

Uani kwetu hapakuwa na mti wa kutosha. Upande mmoja palikuwa na nguzo ya baraza ya nyumba kubwa, ya zege yenye nondo, iliyoshikamana na mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya madirisha. Upande wa pili palikuwa na ukuta wa jiko. Umbali ulitosha vizuri, nami nikafurahi, kama mtu anavyofurahi anapokuta kazi imejipanga yenyewe.

Nguzo niliizungushia kamba, nikafunga. Ukuta wa jiko ulikuwa na tundu la hewa juu, chini kidogo ya paa. Nilipitisha kamba kwenye tundu hilo, na kwa ndani nikafunga kipande cha mti wa mkaratusi kikae kama komeo, kisipite. Nilijiona hodari. Sikupiga msumari hata mmoja, sikuharibu ukuta. Nilining'inia mwenyewe kwa mikono miwili, nikainua miguu, na ukuta haukusema kitu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Niliona kile kitanda ni machela isiyo na wabebaji. Bega langu lilijua uzito wa mtu kwenye machela: nusu mbele, nusu nyuma. Nikajiuliza, ukuta unaobeba mbao zote za jiko na bati lake, na mvua ya mawe juu yake, utashindwaje kubeba nusu ya mwanamke mwembamba? Sioni mtu wa kilima chetu ambaye angepiga hesabu nyingine. Wote tumebeba machela.

Mama yako alipolala mara ya kwanza, wavu ulilegea, mgongo wake ukashuka karibu na ardhi. Alisema ni vizuri hivyohivyo. Mimi sikuvumilia kuona kitu kimepinda. Nilimwinua, nikaivuta kamba kwa nguvu zangu zote, nikiwa nimekanyaga nguzo kwa mguu, mpaka wavu ukanyooka kama mstari wa daftari. Akacheka. "Mwalimu, hata kamba unaisahihisha?" Ulikuwepo siku hiyo. Ulicheka pia.

Alilala pale msimu mzima wa kiangazi. Kisha mvua zikaanza, nami nikaona ufa. Ulianzia kwenye pembe ya tundu la hewa na kushuka kwa kufuata viungo vya matofali, mwembamba kama unywele. Nilikoroga saruji kidogo kwenye kopo, nikaupaka, nikasawazisha kwa kidole. Uliniudhi kwa sababu ulikuwa mbaya kutazama, basi. Kwa kidole na kopo, mwanangu, niliufunga mdomo wa ukuta uliokuwa ukinionya.

Siku ile ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Mama Eda, jirani yetu, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage, na mama yako alikuwa amelala kichwa kikiwa upande wa jiko, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na kivuli. Walikuwa wanamsema mke wa mwinjilisti. Mama yako alicheka, akasukuma ardhi kwa unyayo ili abembee. Nilikuwa mlangoni. Niliuona ukuta ukija. Haukuporomoka kwenda chini kama mtu anavyodhani. Ulikuja mbele, sehemu yote ya juu kwa pamoja, kama mtu anayeinama kuokota kitu, kisha bati likapiga kelele, kisha hapakuwa na mama yako. Palikuwa na vumbi jekundu na unyayo.

Wewe ulikuja mbio kutoka bombani. Ulifukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, na ulipoufikia uso ulinifukuza nisiuone. Nilikuwa nimekwisha kuuona. Taya lilikuwa limehama. Jicho moja lilikuwa limejaa udongo na halikufumba. Nilipiga magoti nikaanza kulipangusa kwa leso, na wewe ukanivuta shati kwa nyuma mpaka likachanika. Upande wa nguzo, kamba ilikuwa imeshika. Fundo langu halikuteleza hata kidogo.

Ndipo yakaja matanga, na swali. Wanaume walikuwa wameketi pale uani wakiutazama mrundikano wa matofali. Mmoja akauliza nani alijenga ukuta huu. Nikajibu, "Melkiori." Nilijibu hilo tu. Lilikuwa jibu la kweli, na katika maisha yangu sijawahi kumrushia mtu jiwe zito kuliko jibu hilo.

Unajua yaliyofuata, ila wewe uliyatazama ukiwa mbele. Mimi nitakueleza yalivyokuwa nyuma. Mtu mmoja alisema Warundi hawa wanatujengea makaburi. Melkiori alizaliwa huku kwetu, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi. Ana uraia kama wangu, amelima Kitanga, amebatiza watoto wake parokia ileile tuliyokubatizia wewe. Siku ile aligeuka Mrundi katika muda wa mtu kuinuka kwenye benchi. Wengine waliokota matofali yaleyale yaliyomwua mama yako. Wewe ulichukua jembe, ukalipiga kwenye kizingiti mpaka chuma kikatoka, ukabaki na mpini. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Niliendelea kunywa.

Aliyenisimamisha ni Mama Eda. Aliniinamia sikioni, akasema polepole kama anayeuliza sukari, "Mwalimu, ile kamba alifunga nani?"

Nilikimbia. Nilipofika kwa Melkiori, mlango ulikuwa umevunjwa, sufuria zimetapakaa, mkewe anapiga kelele kwa Kirundi na mtoto mmoja anachungulia kutoka uvunguni mwa kitanda. Melkiori alikuwa amepiga magoti uani, damu ikimtoka sikioni, mkono wa kulia ameuinua kujikinga. Uliupiga. Nilisikia mfupa. Kisha ukauinua mpini tena, na yeye akaniona nyuma yako. Akasema, "Mwalimu, waambie."

Hakusema lingine. Ukuta umenyooka, mimi si mchawi, nina watoto: hakusema hata moja kati ya hayo. Alijua kwamba ninajua. Alikuwa ameuona ule wavu mara nyingi akipita njiani, kama kila mtu alivyouona.

Sikuwaambia. Nilikunyang'anya mpini, nikakupiga wewe. Mgongoni, mbavuni, kwenye mapaja, mbele ya watu wote, wewe ambaye mama yako alikuwa bado hajamaliza wiki kaburini. Nilikupiga mpaka ukaanguka juu ya chokaa ya Melkiori, na watu wakaona aibu wakaanza kuondoka mmojammoja. Wapo walionisifu baadaye kwamba niliokoa maisha ya mtu kwa ukali wangu. Lakini neno moja lingetosha, na sikulitumia. Kukupiga kulikuwa rahisi kuliko kusema. Wewe ulipigwa kwa sababu ulikuwa karibu, kama yule kijana wa machela.

Melkiori aliondoka kabla mkono haujaunga.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza kuniona nimeharibika akili, na ninakubali kwamba nilifanana na mwendawazimu. Unakumbuka ulirudi likizo kutoka chuoni ukakuta nimechimbia miti miwili uani na kati yake nimefunga kitanda kilekile cha mama yako, na ndani yake nimelaza gunia la mahindi. Hukuuliza. Ulikwenda stoo ukachukua panga. Uliukata wavu, ukalikata gunia, mahindi yakamwagika mpaka mlangoni, na uliponikaribia ukiwa bado umeshika panga, nilidhani ni zamu yangu, na sikusogea. Ulilitupa panga juu ya paa ukaondoka. Hatukulizungumza tena.

Nitakueleza nilichokuwa nikifanya. Nilitaka kujua kwa nini ukuta ulikuja mbele. Kama kosa lilikuwa udongo wa Melkiori, ungeporomoka chini. Nilichimbia miti ile kwa kina cha goti tu, makusudi, isiwe imara, nikapima gunia lenye uzito kama wa mama yako. Nilipoifunga kamba ikiwa imelegea, wavu ukining'inia kama tumbo la ndizi, miti ilitikisika kidogo ikatulia. Nilipoivuta kamba mpaka ikanyooka, kama nilivyoivuta siku ile, gunia likiwa lilelile, miti ilianza kuinamiana. Niliona udongo ukifunguka nyuma ya kila mti. Niliishika kamba kwa kiganja: ilikuwa ngumu kama chuma, ikilia.

Ndipo nikaikumbuka machela, na nikaelewa nilichokisahau. Machela ina mti. Mti ule ndio unaozitenganisha ncha mbili za mkeka zisikimbiliane. Bega la mbebaji hupokea uzito wa kwenda chini peke yake. Ukiuondoa mti, kazi ya kuzitenganisha ncha inabaki kwa kuta. Kila anayelala pale anazivuta kuta mbili zije zikutane juu ya tumbo lake, na kadiri kamba inavyonyooka ndivyo anavyozivuta kwa nguvu, hata zaidi ya uzito wa mwili wake mara kadhaa. Ule uzito mdogo wa mama yako mimi niliuzidisha kwa mikono yangu, nikiwa nimekanyaga nguzo.

Na ukuta wetu unaujua. Ulikanyaga udongo wake kwa miguu yako ulipokuwa mtoto. Matofali ya kuchoma, udongo katikati, kisha saruji imepakwa kwa nje tu kwenye viungo, mstari mwembamba wa kupendeza. Nusu ya mji huu imesimama hivyo, na itaendelea kusimama, kwa sababu paa linaikandamiza na uzito unashuka chini moja kwa moja. Udongo haulishiki tofali, unalilaza tu. Ukuta wa namna hiyo unaweza kubeba paa miaka na miaka, na mtoto akiuvuta kwa kamba kila siku ukamwangukia. Mimi ndiye niliyechagua udongo. Melkiori alijenga jiko, na jiko lilikuwa zuri. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu ataning'inia humo.

Huko uendako utaingia kwenye nyua za watu kila siku. Ndiyo kazi ya ugani. Siku hizi vijana wanavifunga vitanda hivi kila mahali, na watoto wanafunga bembea. Ukikuta kamba imefungwa kwenye ukuta, kwaruza kiungo kimoja kwa msumari upande usiopakwa. Likitoka vumbi jekundu, waondoe watoto hapo kabla ya kusalimia. Nguzo za geti usiziamini. Nyingi ni matofali yaliyosimama peke yake bila cha kuyashika juu. Ukuta wa uzio ni vivyo hivyo. Kinachofaa ni nguzo ya zege yenye nondo iliyoungana na mkanda wa nyumba, na kamba iizunguke nguzo nzima, isining'inie kwenye ndoano iliyopigwa kwenye kiungo cha matofali. Kama upande wa pili hakuna nguzo ya namna hiyo, usikope ukuta. Chimba shimo linalofika kiunoni, simamisha mti mnene, jaza mawe na zege, uache ukomae kabla mtu hajalala.

Na uache kamba ilegee. Ishuke kutoka kwenye nguzo kwa mteremko mkali kama wa paa la kanisa, na anayeketi awe juu ya ardhi kwa kimo cha goti, si zaidi, ili kamba ikikatika aumie makalio tu. Jaribu kwa magunia kwanza, ukiwa umesimama kando, si katikati. Kamba iliyopigwa jua na mvua msimu mzima ni ya kufungia mbuzi. Ukiona ufa, usiupake kitu. Mfungue mtu kwanza.

Haya ndiyo ninayoyajua. Mwendawazimu hawezi kuyapanga hivi.

Kiangazi kilichopita nilikuaga kwamba nakwenda mkoani kufuatilia pensheni. Nilikwenda Kibondo. Nilimkuta Melkiori juu ya jukwaa la miti, akipanga matofali kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeunga vibaya, kiwiko kinatazama nje, na vidole viwili havifungi. Aliteremka polepole. Mkewe alikuwa chini akichota maji ya chokaa. Aliponitambua alitua ndoo, akaja, akanipiga kofi ambalo lilinitoa miwani. Akaniongeza la pili. Wauza mkaa walisimama kutazama. Melkiori akamwambia, "Mama Suzana, mwache mzee." Nami nikamwambia mkewe asiache.

Nilimweleza Melkiori mbele ya wale wauza mkaa kwamba ukuta niliuangusha mimi, kwa kamba yangu, na kwamba nililijua hilo siku ile aliponiomba niseme. Aliisikiliza hotuba yangu yote. Kisha akauliza bila hasira, "Sasa Mwalimu, umekuja kunisemea kwa nani? Hapa hakuna aliyeniuliza."

Nilirudi nikasema hapa Kasulu. Nilisema kwenye jumuiya, nikasema kwa mwenyekiti wa mtaa, nikasema kwa wale walioshika matofali. Walinipa kiti, wakanipa pole, wakasema mwalimu bado ana uchungu. Mmoja aliniambia niende hospitali nikapate dawa ya usingizi. Hakuna aliyetaka kuupokea ukweli wangu, kwa sababu kila mmoja wao angebaki na damu mikononi bila sababu. Na wewe pia, mwanangu. Hilo ninalielewa. Kama Melkiori hana hatia, basi ulimvunja mkono mtu aliyekuwa amekuja kulia nasi msibani siku mbili kabla. Ni rahisi kuendelea kumchukia mtu aliye mbali kuliko anayekupakulia chakula.

Kuna jambo moja zaidi alilosema, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Aliuliza, "Yule kijana wako, bado ananitafuta?" Nikasema sijui. Akakisugua kile kiwiko. Akasema, "Kama atakuja, mwambie aje mchana, watoto wakiwa shuleni."

Onesmo, yule mtu amekwisha kujiandaa. Hatakimbia tena, hana pa kukimbilia. Akivuka Nyabibuye, kule mpakani, ni Burundi, ambako hakuzaliwa na hajulikani. Utamkuta bila shida. Uliloliambia beseni la maji leo ni kweli: Kibondo ni ndogo. Utamkuta juu ya jukwaa, ana mkono mmoja, na atashuka.

Sikuombi ukamwombe radhi. Hilo ni lako, wala sikupangii siku. Ninaomba usimguse. Na kwa kuwa najua hasira haiishi kwa kuombwa, nakuambia utakalofanya nayo. Kesho gari likifika Makere, abiria watashuka kununua ndizi. Jitazame. Ukiona vidole bado vimejikunja, chukua begi lako, vuka barabara, usimame upande wa magari yanayorudi Kasulu. Kazi itakungoja siku moja; nitampigia simu mkuu wako mwenyewe nimwambie baba yako anaumwa. Shangazi nitakuwa nimemtuma Muyama kwa ndugu. Nitakuwa peke yangu uani, nimevaa shati la kazi. Ukiingia hutahitaji kusema umerudia nini, na sitainua mkono kujikinga.

Baba yako